Risasi Katika Maini ya Kuku wa Kienyeji

Mgodi wa Kabwe, kaskazini mwa Lusaka nchini Zambia, ulifungwa mwaka 1994 baada ya kuchimbwa risasi na zinki kwa takriban miaka 90. Wachimbaji waliondoka, lundo la mabaki likabaki, na kiangazi upepo hupeperusha vumbi lake hadi mitaa ya Kasanda na Makululu. Watoto wa huko wamepimwa na habari zao kuandikwa sana, na ni haki yao. Mifugo inayokula katika udongo uleule haitajwi mara nyingi, ilhali ndiyo inayowafikishia risasi mezani.

Kuku wa kienyeji tunamsifu kwa kujitafutia. Kabwe, sifa hiyo ndiyo inayomponza: anachakura, anadonoa wadudu, anameza vijiwe vya firigisi, na vumbi linaingia humohumo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zambia na wenzao wa Hokkaido, Japani, walipima kuku na ng'ombe wa eneo hilo wakakuta risasi na kadimiamu nyingi kwenye maini na figo. Mnofu huwa na kiasi kidogo zaidi. Inauma kufikiri kwamba maini ndiyo tunayompa mgonjwa na mama aliyejifungua ili waongeze damu. Na kuchemsha hakusaidii, kwa kuwa moto hauangamizi madini.

Risasi huingia mwilini kwa kujifanya kalisiamu. Utumbo huipokea, mifupa huihifadhi kwa miaka. Ng'ombe akizaa, mifupa hutoa kalisiamu ya kutengenezea maziwa, na risasi hutoka nayo, ikamfikia ndama na yeyote anayekunywa maziwa hayo. Katika damu huzuia vimeng'enya vinavyounda himoglobini, hivyo mnyama hudhoofu taratibu, huku mfugaji akilaumu malisho au minyoo.

Ng'ombe akila risasi nyingi kwa mara moja, mambo huwa mengine. Anasaga meno, masikio yanatikisika, haoni ingawa macho yanaonekana mazima, anakandamiza kichwa kwenye nguzo ya zizi. Ni rahisi kudhani ni kichaa cha mbwa au ugonjwa wa maji moyo. Wala hahitaji kuishi karibu na mgodi: betri ya gari iliyopasuka inatosha. Ng'ombe huilamba, na vipande vizito huzama kwenye tumbo la pili, vikakaa humo vikiyeyuka kidogokidogo. Dawa ya kunasa risasi na kuitoa kwa mkojo ipo, lakini ndama aliyekwisha kupofuka mara nyingi haponi.

Kwa hiyo ng'ombe akipofuka ghafla, daktari wa mifugo aelezwe kuna nini malishoni: betri, mabati yenye rangi ya zamani, jalala, majivu ya karakana. Akifa, ini na figo vipelekwe maabara, na nyama isifike buchani.