Tuvihesabu Viini Vilivyo Kazini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliyasema hayo kwa ajili ya biashara, lakini leo yanaihusu pia kompyuta iliyo juu ya meza ya karani wa wilaya, ya mwalimu na ya mhasibu wa ushirika. Katika daftari la ofisi huandikwa kwamba mashine imenunuliwa ikiwa na viini vinne au vinane. Swali letu ni moja: je, vyote viko kazini?

Prosesa ndiyo inayotekeleza amri na hesabu zote za kompyuta. Hapo zamani prosesa ya kawaida ilikuwa na kiini kimoja tu, na watengenezaji waliizidishia kasi mwaka hata mwaka, mpaka joto likawa kikwazo. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa prosesa ya POWER4 yenye viini viwili katika kipande kimoja. Mwaka 2005 Intel na AMD zikaanza kuuza prosesa za namna hiyo kwa kompyuta za mezani. Tangu hapo nguvu ya mashine haipimwi kwa kasi peke yake, bali pia kwa idadi ya viini vinavyosaidiana kazi.

Hata hivyo, kiini kilicholipiwa si lazima kiwe kinatumika. Katika kompyuta nyingi, viini vinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Katika Windows nako, programu ya msconfig ina mahali pa kuwekea mpaka wa prosesa zitakazotumika mashine inapowashwa. Wapo wanaopagusa mahali hapo wakidhani wanaongeza kasi. Ukweli ni kinyume: pakiachwa bila alama, Windows hutumia prosesa zote inazoziona, pakiwekwa idadi ndogo, zinazobaki hukaa bure.

Ukaguzi wenyewe hauna gharama. Kwenye Windows 10 au 11, mtumishi abonyeze kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, afungue ukurasa wa utendaji, kisha achague CPU. Ataona idadi ya viini na idadi ya prosesa za kimantiki. Hizi zisichanganywe, kwani kiini kimoja katika prosesa nyingi huweza kushika mikondo miwili ya kazi, na viini vinne vikahesabiwa kuwa prosesa nane. Kwenye Linux, amri ya lscpu hutaja prosesa zilizowashwa na zilizozimwa. Faili la /sys/devices/system/cpu/online likisomeka 0-7, prosesa nane zimewashwa, maana hesabu huanzia sifuri. Matokeo hayo yalinganishwe na maelezo ya mtengenezaji.

Tunatahadharisha pia kwamba kiini kilichotulia si kiini kilichozimwa. Mashine isipokuwa na kazi nyingi, hupumzisha baadhi ya viini ili kupunguza umeme na joto. Tena, programu iliyotungwa kutumia kiini kimoja haitakwenda mbio kwa sababu tu viini ni vingi. Na ikiwa vyote viko kazini lakini mashine bado ni nzito, basi sababu itafutwe kwingine: kumbukumbu ndogo, diski iliyochakaa, au vumbi lililoziba feni.

Sisi wa visiwani tunalielewa vyema jambo hili, kwani vifaa vyetu vingi huvuka bahari, na kila shilingi ya nauli hutoka katika mfuko wa wananchi. Kuitangaza mashine kuwa imechakaa kabla ya kuikagua ni kuutia hasara mfuko huo. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara waagize viini vihesabiwe siku mashine inapopokelewa, na vihesabiwe tena kabla ya kuombwa mashine mpya. Idadi iandikwe daftarini, na aliyekagua atie saini. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na ni sehemu ya kutunza mali ya umma.