Kiumbe wa Utumboni na Dawa ya Binti wa Ekero



Tulipomaliza darsa ya akina mama huko Ekero, jirani na mji wa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, mama mmoja alibaki nyuma akatuuliza kwa sauti ya chini. Binti yake ana maradhi ya kisukari na hudungwa insulini kila siku. Jirani mmoja amemwambia kuwa dawa ile yatokana na nguruwe. Mwengine, kuwa yatokana na vijidudu vya chooni. Je, aiache?

Tulimwambia asiiache hata siku moja. Kisha tukamweleza haya, nasi twayaandika kwa faida ya kila nyumba.

Kijidudu hicho ni bakteria aitwaye Escherichia coli, kwa ufupi E. coli. Aligunduliwa mwaka 1885 na daktari wa watoto, Theodor Escherich, katika vinyesi vya watoto wachanga. Huishi matumboni mwetu, na aina zake nyingi hazidhuru. Apatapo chakula na joto la kutosha, huweza kujigawa kuwa wawili kila dakika 20.

Kwa wepesi huo, wanasayansi walimfanya mwalimu wao. Huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walichunguza ulaji wake. Akiwekewa glukosi pamoja na sukari ya maziwa, huimaliza glukosi kwanza, ndipo atengeneze vimeng'enya vya kuivunja ile ya pili. Wakatambua kuwa maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kiumbe huwashwa na kuzimwa kulingana na haja. Mwaka 1965 walitunukiwa Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff. Ikadhihirika pia kuwa maagizo hayo, kwa bakteria na kwa mwanadamu, yameandikwa kwa lugha moja. Subhanallah!

Hapo ndipo ilipozaliwa dawa ya binti yetu. Zamani insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, kwa hivyo maneno ya jirani wa kwanza yana asili yake. Lakini mwaka 1978 wataalamu wa California walimtia E. coli maagizo ya insulini ya mwanadamu, naye akaitengeneza. Mwaka 1982 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani. Leo insulini ya namna hii hutengenezwa kwa bakteria huyo au kwa hamira. Bakteria hao hawachotwi chooni. Hukuzwa katika matangi safi ya kiwandani, na dawa hutengwa nao ikasafishwa kabla ya kutiwa chupani.

Jirani wa pili naye tusimpuuze, kwani kiumbe huyu ana somo jingine. Wapimaji wa maji humtafuta yeye: akionekana kisimani au chemchemini, ni ushahidi kuwa kinyesi kimefika humo. Shirika la Afya Duniani lataka asipatikane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kutukataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia penye vyanzo vya maji. Basi tuchemshe maji ya kunywa, na tunawe kwa sabuni tutokapo msalani.

Mama yule alitushukuru, akajifunga vyema mtandio wake, akaaga kwa haraka: saa ya sindano ya jioni ilikuwa imekaribia.

Wabillahi tawfiq.