Je, Wajua? Embe Halina Kosa

Msimu wa maembe ukiingia Madale, mtoto akiota jipu hakosekani wa kusema: "Kazidisha maembe huyo." Je, wajua kwamba embe linasingiziwa? Majipu mengi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye watu wengi wanaishi naye puani bila kuumwa.

Je, wajua kuna watoto wanaozaliwa na kinga pungufu isiyohusiana kabisa na UKIMWI? Hitilafu imo kwenye vinasaba. Mama wa mtoto kama huyo anaambiwa majibu ya VVU ni hasi, anashusha pumzi. Lakini kanga iliyofutia usaha haijakauka kambani, jipu jingine limeota kwapani.

Katika ugonjwa mmojawapo wa kinga pungufu ya aina hii, chembe nyeupe za damu humeza bakteria vizuri, ila hazina kemikali ya kumuua. Kuupima, chembe hizo huwekewa rangi ya njano: zilizo nzima huigeuza bluu iliyokolea, za mgonjwa haziwezi. Tiba mojawapo ni intaferoni gama, protini ambayo mwili wenyewe huitumia kuziamsha chembe za kinga. Utafiti wa wagonjwa 128, uliochapishwa 1991, ulionyesha inapunguza maambukizi makali kwa takribani theluthi mbili. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa.

Je, wajua ugonjwa mwingine wa aina hii ulipewa jina la Ayubu, yule wa majipu? Ulielezwa 1966. Jipu lake huwa baridi: limejaa usaha, lakini ukiligusa halina joto.

Je, wajua mtoto asiyeweza kutengeneza kingamwili anaweza kunawiri miezi sita ya mwanzo? Anatumia za mama, alizopewa tangu tumboni. Zikiisha, maradhi yanamvamia, ngozini na mapafuni. Mwaka 1952 daktari Mmarekani Ogden Bruton alieleza alivyomdunga mvulana wa miaka minane kingamwili za watu wengine, kila mwezi, na maambukizi yakakoma. Leo dawa hiyo hutoka kwenye damu ya maelfu ya wachangiaji, nayo imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu.

Kupandikiza uloto huweza kuponya baadhi ya magonjwa haya. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tayari imefanya upandikizaji huo kwa watoto wenye selimundu.

Je, wajua swali moja linaloweza kumfungua macho daktari, bila kipimo chochote? Baadhi ya magonjwa haya hupita kwa mama na kuwashika wanawe wa kiume. Basi mama huulizwa: wajomba wa mtoto huyu, kuna waliofariki wadogo?