Vipele Vinavyokuja Kabla ya Hedhi
Mimi ni fundi cherehani, na mikono yangu ndiyo riziki yangu. Baada ya kujifungua mwanangu wa pili, nikaanza kutokwa na mabaka yaliyovimba kama ya upupu, viganjani na kiunoni, yakiwasha hata mkasi haushikiki. Yanakuja wiki moja kabla ya hedhi. Damu ikishaanza kutoka, ngozi inatulia.

Mama mkwe alisema ni damu chafu, akanichemshia mwarobaini. Duka la dawa wakaniuzia ya fangasi. Ajabu ni kwamba kila dawa ilionekana kufanya kazi, maana vipele vilikuwa vinaondoka vyenyewe!

Daktari wa ngozi hakuanza na chakula wala sabuni. Aliuliza tarehe. Akaniagiza niweke alama kwenye kalenda ya ukutani: duara siku za vipele, mstari siku za hedhi. Miezi michache ikatosha kuonyesha kwamba duara daima linatangulia.

Akanieleza sababu. Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni hupanda, kisha hushuka hedhi inapokaribia. Kwa wanawake wachache sana, kinga ya mwili huipiga vita homoni hiyo ya kwao wenyewe, ndipo vipele hutoka. Walter Shelley na wenzake, madaktari wa Marekani, ndio walioupa ugonjwa huu jina mwaka 1964, na mgonjwa wao alipona kwa kutolewa ovari. Siku hizi upasuaji ni jambo la mwisho kabisa.

Matibabu huanza na vidonge vya mzio kama setirizini, na krimu ya steroidi kwa muda mfupi. Visipotosha, daktari huzuia yai lisipevuke, mara nyingi kwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili. Navyo vina homoni ya jamii ya projesteroni, kwa hiyo kuna wanaozidiwa. Usijinunulie. Anayetaka mtoto anaweza kuzoeshwa projesteroni kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

Dada yangu unayechomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, hiyo nayo ni jamii ileile, na ikishaingia mwilini haitolewi. Kama una vipele vya namna hii, mwambie muuguzi kabla hajachoma.

Na siku midomo ikivimba au pumzi ikibana, usingoje hedhi ianze. Nenda hospitali saa hiyohiyo.