Fahamu: Nani anaweza kununua bima kwenye soko la afya la jimbo, Marekani?

California ina Covered California, Minnesota ina MNsure: masoko ya bima ya afya yaliyozaliwa na sheria ya 2010, maarufu Obamacare. Mnunuzi awe mkazi wa jimbo husika, raia au mgeni mwenye kibali halali, na asiwe anatumikia kifungo. Mwenye Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, hauziwi. Ugonjwa ulio nao tayari si kizuizi.

Penye ugumu ni ruzuku ya kulipia bima hiyo. Hutegemea kipato cha kaya, na kwa kawaida huipati ikiwa mwajiri wako anatoa bima ya bei nafuu. Wakimbizi, wakiwemo Wakongo wengi waliohamishiwa huko, wawe macho: kwa sheria ya 2025, kuanzia Januari 2027 ruzuku ya shirikisho itabaki kwa wageni wachache, hasa wenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Mkimbizi aliyetimiza mwaka mmoja nchini asichelewe kuomba kadi hiyo.