Siri ya mjomba na barua zinazochanwa njiani

Mjomba wangu ana kisukari mwaka wa kumi na mbili huu. Juzi juzi alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mkojo wake unatoa povu kama maji ya kufulia. "Mpwa wangu, usimwambie mama yako."

Mimi shule yangu ni form four tu, lakini niliingiwa na wasiwasi. Nikaanza kusomasoma.

Kumbe kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja hivi. Sukari ikizidi kwenye damu miaka nenda rudi, vichujio vinaota makovu, protini inavujia mkojoni. Povu laweza kuwa dalili yake.

Sasa makovu yanatoka wapi? Hapo ndipo inapoingia maikro-RNA. Chukulia seli ni ofisi. Jeni ndiye bosi, anamtuma tarishi na barua: tengenezeni protini fulani. Maikro-RNA ni kipande kifupi, herufi 22 hivi, kinachomvizia tarishi njiani na kuchana barua! Si ubaya, maana barua nyingine zinatakiwa zichanwe. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993, kwenye mnyoo, na Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani wakaja kupewa Nobel mwaka 2024.

Mwaka 2007 watafiti wa California walikuta kwamba kwenye figo za panya wenye kisukari, maikro-RNA namba 192 imezidi. Inachana barua ya mlinzi anayezuia kolajeni, na kolajeni ndiyo malighafi ya kovu. Lakini mwaka 2010 wengine walipima figo za binadamu zilizoharibika sana, wakakuta namba hiyo hiyo imepungua! Dawa ya namna hii haijafika dukani. Wanachotarajia ni siku moja kuzisoma kwenye mkojo, wajue mapema figo ya nani iko hatarini.

Mjomba je, angeisubiri siku hiyo? Nikavunja siri, nikamwambia mama. Kesho yake asubuhi mama alikwenda kumtoa kitandani. Kipimo cha kawaida cha mkojo kikaonyesha protini. Daktari akamwambia bado mapema, akampa vidonge vya presha vinavyolinda figo na kumkataza chumvi nyingi.

Mpaka leo kaninunia. Na anune tu, mradi yupo. Wewe mwenye sukari, mara ya mwisho kupima mkojo ni lini?