Acheni Kuseti Taimingi kwa Sikio

Swali ni lile lile, kutoka Kashai hadi Nshamba: "Fundi, nizungushe distributa kiasi gani pikapu ipande mlima na mzigo wa ndizi?" Kisha muulizaji huongeza kwamba jirani yake huizungusha gari likiwa sailensa, akisikia mlio umechangamka anakaza nati, kazi imekwisha.

Haijaisha. Injini iliyo sailensa haina mzigo. Ndani ya silinda kuna hewa na petroli kidogo tu, inayoungua polepole, na ndiyo maana ukiwahisha cheche kwa kuizungusha distributa mlio unanoga. Sikio linakwambia kweli kuhusu gari lililosimama. Halijui lolote kuhusu gari hilo likiwa limejaa ndizi, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho, linaupanda mlima wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu. Hapo silinda zinajaa, mgandamizo unapanda, moto unakwenda kasi na kuikuta pistoni ikiwa bado inapanda. Petroli iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Mlio ule wa kokoto ndani ya kopo ndio huo, na kuna watu wanausikia wakakimbilia kurekebisha valvu! Inayopigwa ni pistoni. Endelea hivyo, gasketi ya silinda hedi itaungua na pistoni itatoboka.

Wengine huunyamazisha mlio huo kwa kuchelewesha cheche kupita kiasi, hasa wakishanunua petroli ya madumu iliyochanganywa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hushusha okteni; petroli hiyo imwageni. Cheche ikichelewa, moto unamalizikia kwenye ekzosi, gari linachemsha, linakula mafuta, na mlima bado unalishinda.

Fanyeni hesabu. Moto ukichukua milisekunde 2 kuenea, injini ya mizunguko 800 kwa dakika hugeuka karibu digrii 10 katika muda huo. Kwenye mizunguko 3,000, digrii 36. Ndiyo sababu distributa ina vyuma na springi ndani, na dayaframu ya vakyumu, vya kuwahisha cheche vyenyewe. Wewe unaseti mwanzo tu. Vikiganda kwa kutu, zungusha utakavyo, hutapata kitu.

Haya, kazi. Pasha injini. Kama ina pointi, anza nazo: Toyota nyingi za zamani, mwanya wa milimita 0.45, kwani ukizigusa baadaye taimingi inahama. Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe. Shusha sailensa ifike kiwango cha kitabu. Funga taa ya taimingi kwenye waya wa plagi namba 1, paka alama ya puli rangi nyeupe, mulika. Digrii za gari lako kabla pistoni haijafika juu zimo kwenye kitabu. Legeza distributa, izungushe taratibu, kaza, mulika tena. Rudisha mpira, piga resi: alama isogee bila kurukaruka. Ikirukaruka, distributa imelika au cheni ya taimingi imelegea.

Huna taa? Kwa injini ya pointi, balbu ya volti 12 inatosha: waya mmoja kwenye koili upande wa pointi, mwingine kwenye bodi. Zima injini, washa swichi, geuza injini kwa mkono kufuata mwendo wake hadi alama ikae kwenye digrii zake, kisha zungusha distributa hadi balbu iwake pale pale, kaza. Isiyo na pointi, azima taa.